Mtindo wa Doha: Drili ya Kuazima na Kuta za Mpakani

"Hata panya hutoboa ukuta, na hakuna panya mwenye diploma."

Maneno hayo aliyasema baba yangu mdogo, Mzee Ekisa, mbele ya watu wote waliokuja kunisalimia nyumbani Moding niliporudi kutoka Doha. Nilikuwa nimewaambia kwamba sirudi tena Uarabuni. Nitabaki hapa mpakani, kati ya Malaba na Busia, nile kwa kutoboa kuta za watu: niwafungie televisheni, pazia, rafu, vioo na makabati ya jikoni. Walicheka mpaka chai ikamwagika. Jirani mmoja alisema huku kwetu picha hutundikwa kwa msumari na jiwe. Mwingine alinitabiria kazi ya kushusha magunia kwenye malori ya Malaba. Lakini baba mdogo ndiye aliyefunga mjadala na panya wake.

Leo nimestaafu, nyinyi vijana mna funguo za duka langu, na mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyoanza. Naandika kwa furaha. Onyo ni moja tu: mimi si mtu wa unyenyekevu na sioni sababu ya kuanza sasa. Diploma yangu ya ufundi wa umeme nilijisomesha mwenyewe, kwa kuchoma matofali Butula wakati wenzangu wakienda likizo. Kama kuna mtu mwingine kutoka kijiji chetu aliyefanya hivyo, bado hajajitokeza.

Tatizo langu wakati ule lilikuwa hili. Nilirudi na diploma, helmeti na buti nzuri sana, lakini vifaa vyote nilivyovitumia Doha vilikuwa mali ya kampuni. Sikuwa na hata bisibisi. Basi nikaazima. Ngazi niliazima kwa baba mdogo mwenyewe, aliyenipa pamoja na kicheko. Biti, yaani vile vyuma vya kutobolea, niliazima kwa Wafula, mchomeleaji wa Busia tuliyesoma naye. Na drili niliazima kwa Maama Nabirye, mfanyabiashara wa upande wa Uganda. Haikupita wiki, watu wakanipa jina: Fundi Naazima. Nikipita barabarani na ngazi begani nilisikia, "Naazima! Leo umeazima hata hizo viatu?"

Jina hilo liliniuma kuliko njaa. Nikaapa kwamba nitarudisha kila kitu kwa kila aliyeniazima, kikiwa kizuri kuliko nilivyokipokea, na kwamba mpaka siku hiyo sitaruhusu mtu aniite fundi. Sharti la pili halikunisumbua, kwa sababu hakuna aliyetaka kuniita hivyo.

Maama Nabirye lazima niwaeleze, maana ndiye mtu pekee niliyewahi kukutana naye mpakani aliyejisifu kunizidi. Alikuwa na kibanda cha vifaa vya ujenzi hatua chache baada ya geti la kuvukia, na sauti ambayo ingesikika bila geti kufunguliwa.

"Banange!" alisema nilipomweleza shida yangu. "Umefanya kazi Doha na huna drili, ssebo?"

"Za kule zilikuwa za kampuni, Maama."

"Na mikono?"

"Mikono ni yangu."

"Basi nitakuazima drili. Mikono siazimi." Akatoa drili yake ya nyumbani, ya betri, kutoka chini ya meza. "Ikirudi mbovu, usirudi nayo. Baki nayo huko huko Kenya na ufe."

Kitabuni kifaa hiki kinaitwa keekee. Sokoni ukiomba keekee watakuuliza kama ni jina la mtoto. Semeni drili na mtaeleweka Busia zote mbili, ya Kenya na ya Uganda.

Siku hiyo hiyo alinipima. Aliweka mezani drili mbili. Ya kwanza ilibandikwa nambari 128 kwa maandishi makubwa kama ya basi. Ya pili ilikuwa na 18 tu, ndogo, pembeni. Akaniambia nichague. Nikachomoa betri zote mbili na kuzipima mikononi. Ile ya 128 ilikuwa nyepesi kama mkate.

"Hii ya 128 ina seli chache ndani," nilisema. "Nambari hiyo ni ya stika. Kuna herufi ndogo hapa baada ya V ambayo haina maana yoyote katika umeme."

"Umejuaje?"

"Diploma."

"Mimi nimejua kwa mkono," akasema, akicheka. "Wewe kitabu, mimi mkono, na tumefika duka moja. Lakini mimi nilifika mapema."

Basi andikeni hilo. Kwa kazi ya nyumbani, betri ya volti kumi na mbili za kweli inatosha kwa mbao na skrubu. Kwa ukuta wa bloki au tofali, tafuteni ya kumi na nane au ishirini, na iwe na alama ya nyundo kwenye pete, ile inayozungushwa nyuma ya mdomo wa drili, maana bila mtikiso wa nyundo mtasukuma ukuta wa simiti mpaka bega liwe la mzee. Betri ziwe mbili, kwa sababu stima yetu hupotea wakati betri ya kwanza imekwisha na si wakati mwingine. Na kabla ya kununua, ulizeni kama betri ya akiba inapatikana hapa hapa. Drili ambayo betri yake inauzwa bara jingine ni pambo.

Kazi ya kwanza ilikuwa kwa Mwalimu Auma, mjini Busia. Alitaka fimbo ya pazia sebuleni. Alikuwa ametoka kupiga deki, na sakafu yake ilimeta hata nikaogopa kuikanyaga. Nilikuwa nimeshaanza kujisemea kwa sauti, kama nilivyozoea kazini: "Chaki imekaza? Chaki imekaza."

"Chaki ziko shuleni, fundi," akasema Mwalimu. "Unataka kuandika nini kwa ukuta wangu?"

Nikamweleza kwamba chaki ni mdomo wa drili, ule unaobana biti. Akauangalia kwa makini kisha akaniambia jina hilo ni baya na linafaa kusahihishwa. Nimefanya kazi hii miaka yote bila kupata jina bora, kwa hiyo akitokea mwanafunzi wake, ampelekee habari.

Kwa kuogopa sakafu yake nilibandika bahasha ya zamani ukutani, chini ya mahali pa kutoboa, ikiwa imefunguka mdomo, ili vumbi lidondokee humo. Nikafunga utepe wa umeme kwenye biti kuonyesha kina ninachotaka, nikaweka pete kwenye nyundo, nikatoboa. Mashimo yalikuwa safi, vile vijiti vya plastiki vya kushika skrubu viliingia kwa kugongwa kidogo, na pimamaji ikasema fimbo imelala sawa. Mwalimu alivuta pazia kushoto na kulia mara nyingi, kama mtoto na mlango mpya. "Fundi," aliniita tena, nami nikajifanya sijasikia, kwa sababu ya kiapo.

Nilipokuwa nikimwaga ile bahasha nje niliona vumbi lake ni la kijivu. Nyumba ya pili, karibu na soko, vumbi lilikuwa jekundu. Mimi niliyechoma matofali Butula nililijua vumbi lile kama ninavyojua ugali: tofali la kuchoma, linalotaka nyundo ya upole na biti kali, la sivyo kona inamegeka. Tangu hapo sikutoboa ukuta bila bahasha. Rangi ya plasta hudanganya, lakini vumbi halijui kudanganya.

Na sasa nifike kwenye kazi iliyonitengeneza. Ilikuwa Moding, kwa Mzee Omuse, mtu mwenye heshima na ng'ombe wengi. Binti yake alikuwa ameposwa, wakwe walikuwa wanatarajiwa mchana ule ule, na kijana wa wakwe alikuwa ametuma televisheni kubwa kama zawadi. Mzee alitaka waikute ikiwa ukutani. Nilifika asubuhi na ngazi ya baba mdogo, biti za Wafula na drili ya Maama, yaani hakuna nilichobeba kilichokuwa changu isipokuwa jasho. Watu wa kwanza wa wakwe walikuwa wameshawasili mapema, wamekaa sebuleni wakinywa soda.

"Toboa hapo, katikati," alisema Mzee kwa sauti ya kusikika. "Hii nyumba ni pamanenti."

Nyinyi wa mjini mnajua maana ya neno hilo huku kwetu. Pamanenti ni mawe, bloki au tofali. Semi ni udongo juu ya nguzo na fito, uliopigwa plasta ya simiti na kupakwa rangi. Ukiangalia kwa macho, semi iliyopigwa plasta vizuri ni pamanenti kabisa. Nikagonga ukuta kwa kidole kama mtu anayefikiri tu. Sauti ilirudi nzito na laini, kama kugonga gunia la mahindi. Nikajua. Kwa ukuta ule, nyundo ya drili ingefungua shimo la ukubwa wa sahani, na wakwe wangewaona kuku wa jikoni. Na televisheni ingening'inia mpaka chakula cha mchana, isizidi.

Ningefanya nini? Kusema "Mzee, huu ni udongo" mbele ya wakwe ni kumvua mzee nguo. Kutoboa ni kuangusha zawadi na jina langu kwa pamoja, na labda drili ya Maama chini yake. Na kuondoka ni kumpa baba mdogo panya mwingine wa kusimulia.

Nikasema, "Mzee, naomba tuangalie kwanza kwa nyuma ya kalenda. Ni utaratibu wa kazi."

Tukasimama wawili, migongo yetu ikiwa kwa wageni. Nikainua kalenda, nikaweka bahasha, nikazima nyundo, nikatoboa kidogo kwa biti nyembamba. Simiti kidogo, kisha vumbi la kahawia lenye vipande vya majani makavu. Nikamwonyesha bahasha. Mzee akachungulia ndani muda mrefu, halafu akainamia sikio langu.

"Ni semi," alinong'ona. "Lakini watu hawajui."

"Na hawatajua, Mzee. Una mbao?"

"Iko ya kitanda ya zamani. Saiprasi."

Nikageuka kwa wageni na kusema kwa sauti ya diploma kamili: "Mzee ameomba tufunge kwa mtindo wa Doha. Kule televisheni haikai moja kwa moja ukutani. Hukaa juu ya ubao, ili ipumue."

"Ipumue?" akauliza mmoja wa wakwe.

"Joto, boss. Hizi kubwa zinataka hewa nyuma."

Haukuwa uongo, hewa nyuma ya televisheni ni jambo zuri. Nilianza kuzitafuta nguzo ndani ya ukuta kwa biti nyembamba ya mbao, ile yenye mwiba katikati. Mahali penye udongo, biti iliingia bila maneno. Mahali penye nguzo, ilikaza, na badala ya vumbi yakatoka maunga meupe ya mti. Nguzo mbili nilizipata, zimenyooka, zimekauka, ngumu kama jino. Nikapiga ubao wa saiprasi kwa randa ya Mzee, Mzee akaupaka mafuta mwenyewe, nikaufunga kwenye nguzo zote mbili kwa skrubu ndefu za mbao. Hapa mjue kazi ya pete yenye nambari: anzeni na nambari ndogo, mpandishe polepole, ili mashine iachie yenyewe kabla ya kula kichwa cha skrubu. Kisha nikaning'inia kwenye ubao ule kwa mikono miwili, miguu ikiwa imeacha sakafu, mbele ya wakwe. Haukutikisika. Televisheni ikapanda.

Mama mkwe alisimama, akapapasa ubao uliong'aa, akageuka kwa mumewe. "Yetu iko ukutani tu, kama ya watu maskini," alisema. "Mimi nataka hii ya Doha."

Na nyumba yao, nilikuja kujua, ilikuwa ya mawe kutoka msingi hadi paa.

Nilipoondoka, Mzee Omuse alinisindikiza mpaka barabarani akinishika mkono. Alisema tu, "Fundi, wewe utakula kwa hii nchi." Kiapo au si kiapo, siku hiyo nilisikia.

Habari zikatembea. Kocholia, Moding, Malaba, mpaka Busia, simu zikaanza kulia: "Nataka Doha." Kwanza zilikuwa za watu wenye nyumba za udongo waliopata njia ya kuniambia ukweli bila kuutamka. Mtu akisema "nyumba yangu ni ya Doha", nilijua nibebe skrubu ndefu na niache nyundo ikiwa imezimwa. Heshima ya mtu ilibaki mahali pake, na kazi ikawa salama. Lakini baadaye wenye nyumba za mawe nao wakadai Doha, kwa sababu ilikuwa imeshakuwa fasheni. Ikabidi niwatobolee simiti ngumu ili niwafungie ubao wasiouhitaji. Mtu mmoja wa Malaba alinisimamisha kazi nilipojaribu kumshauri. "Fundi, usinilete umaskini. Funga ubao." Nilifunga. Doha yenyewe sijawahi kuona televisheni kwenye ubao.

Watu wakaanza pia kuniomba niwachagulie drili za nyumbani mwao. Nikawajibu wote vivyo hivyo: niletee vumbi kwanza. Basi wakaja nalo, limefungwa kwenye karatasi kama ugoro. Mama mmoja alikuwa akivuka geti kuelekea kwa Maama Nabirye na karatasi yake ya unga mwekundu, askari akamsimamisha.

"Hii ni nini, mama?"

"Ni ukuta wangu, afande."

"Ukuta wako unaenda wapi?"

"Kununuliwa biti."

Askari alimwachia apite, na jioni yake akanipigia simu kuuliza kama vumbi la kijivu ni bloki.

Kuhusu biti nitasema machache, maana nimewafundisha kwa mdomo. Ya ukuta ina kipande cha chuma kigumu kilichochomelewa kwenye ncha, kipana kidogo kuliko mwili. Ya mbao ina mwiba katikati. Ya chuma ni nyeusi au ya dhahabu, lakini dhahabu nyingi sokoni ni rangi tu. Ukikwaruza kwa ukucha ikatoka, irudisheni kwa muuzaji. Viringisheni kila biti juu ya kioo kabla ya kuilipia. Ikirukaruka, imepinda, na biti iliyopinda hutoboa shimo la umbo la yai. Na msitumie ya ukuta kwenye chuma kwa sababu "ni ngumu". Wafula amezika nyingi za namna hiyo.

Drili yangu mwenyewe nilikuja kuichagua kwa Maama Nabirye, nikitumia muda mrefu kuliko watu wanavyochagua mke. Nilipima betri, nikasikiliza mota, nikakagua chaki isitikisike, nikashika mpini mpaka mkono ukazoea. Mota yake haikuwa na brashi, zile kaboni zinazosuguana ndani, kwa hiyo haikutoa ile harufu ya kuungua ninayoichukia. Maama alinitania kwamba nikiibusu atatoza zaidi. Siku iliyofuata ndiyo niliyoamua kuwa ya kurudisha.

Nilianza kwa Wafula. Biti zake nilikuwa nimezimaliza kwenye kuta za kaunti nzima, kwa hiyo nilimpelekea seti mpya kamili ndani ya kasha la chuma. Akazimwaga juu ya kioo cha meza na kuziviringisha moja moja, akitafuta kosa kwa bidii ya adui.

"Zote zimenyooka," alisema mwishoni, kama aliyehuzunika. "Sasa nitakuita nani? Naazima limekwisha."

"Niite fundi."

"Ngoja nizoee."

Nikavuka geti. Drili ya Maama nilikuwa nimeisafisha mpaka kwenye matundu ya hewa, nimeibadilishia betri iliyochoka, na kasha lake sikulirudisha tupu. Kwetu hata sahani ya jirani hairudi tupu. Nilijaza njugu za Moding, zilizokaangwa na mke wangu. Maama alifungua kasha, akaanza kula njugu na kuwaita wenye vibanda vya jirani. "Njooni muone Mkenya aliyerudisha kitu!" Walikuja. Waliona. Walizimaliza njugu.

Jioni nilifika Moding na ngazi begani. Nilikuwa nimebadilisha vidaraja viwili vilivyooza na kuifunga mipira miguuni isiteleze. Baba mdogo alikuwa amekaa nje. Aliikagua kuanzia chini hadi juu, akaipanda, akashuka, akaiegemeza ukutani.

"Imerudi," alisema.

"Imerudi, baba mdogo. Wafula nimemrudishia. Na yule mama wa Uganda nimemrudishia. Hakuna mtu anayenidai kifaa leo, kutoka Malaba mpaka Busia."

Akaangalia begi langu. "Na hiyo iliyo ndani?"

Nikatoa drili mpya, nikampa. Akaigeuza, akaminya kidogo, ikalia, akashtuka na kucheka.

"Hii umeazima kwa nani?"

"Ni yangu."

Akaipima mkononi tena, polepole. Akaitazama nyumba yake. Akajikuna kidevu, akakohoa, kisha akaongea huku macho yakiwa kwenye ukuta.

"Kuna rafu mama yenu ananisumbua nayo. Niachie hii kitu mpaka Jumamosi, fundi."

Nikamwachia, pamoja na betri ya pili.